Modemu na kadi za zamani za mtandao: kwa nini mwanaisimu azielewe

Katika chumba cha nyaraka cha idara yetu kulikuwa na kompyuta moja ya zamani ambayo wengi wetu tuliijua kama mahali pa kuwekea vitabu. Mwaka jana iliamuliwa kwamba vyombo vyote visivyofanya kazi viondolewe. Siku mbili kabla ya kubebwa, asistanti mmoja alituomba tuiwashe kwa mara ya mwisho, na ikawaka. Ndani yake tulikuta kamusi ya Kilega na Kifaransa ambayo marehemu profesa wetu aliiandika kwa miaka mingi. Zilikuwa faili za maandishi zenye herufi zipatazo 400,000. Toni ya juu aliiwekea alama juu ya irabu (á, é, í, ó, ú), na toni ya chini aliiacha bila alama. Kulikuwa pia na sauti za wazee, karibu saa 2 za masimulizi. Daftari alizoandikia kijijini hazipo tena, na baadhi ya wazee hao wameshafariki. Nakala ilikuwa hiyo moja, juu ya diski iliyokuwa inakwaruza.

Kuzitoa faili hizo hakukuwa rahisi. Kisomea disketi kilikuwa kimekufa. Kompyuta ilikuwa na Windows 98, na haikutambua kifaa chochote cha USB tulichokichomeka. Adapta ya kuunganisha diski ya aina ile na kompyuta ya leo hatukuipata mjini kwa muda ule. Zilibaki njia mbili: mlango wa mfululizo uliotumiwa zamani kuunganisha modemu, na kadi ya zamani ya mtandao. Kazi ilinifikia mimi kwa sababu nilikuwa na nafasi, si kwa sababu nilikuwa fundi.

Katika makala haya ninaeleza niliyojifunza kuhusu vyombo hivyo. Sikusudii kumfanya msomaji kuwa mhandisi. Nataka kuonyesha jambo moja: kupanga modemu au kadi ya mtandao ni kuziwekea mashine mapatano, na mashine mbili zinaweza kupatana vizuri kabisa huku ujumbe ukiharibika. Jambo hilo nusura litupotezee toni zote za kamusi.

1. Modemu ni mkalimani

Jina modemu limeundwa kwa kufupisha maneno mawili yaliyotoka katika Kilatini: modulata na demodulata. La kwanza ni chombo kinachobadilisha wimbi ili libebe habari, la pili ni chombo kinachoitoa habari ile ndani ya wimbi. Modemu moja hufanya kazi zote mbili, kama mkalimani anayesikiliza na kusema.

Haja yake ilitokana na simu. Laini ya simu ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na hupitisha takriban kutoka hezi 300 hadi hezi 3,400. Kompyuta haina sauti. Ina biti tu, sufuri na moja. Modemu ya aina ya Bell 103, iliyotoka Marekani katika miaka ya 1960, ilitatua shida hiyo kwa njia ambayo mwanafonetiki ataipenda. Upande unaopiga simu ulitoa hezi 1,270 kwa moja na hezi 1,070 kwa sufuri. Upande unaopokea ulitumia hezi 2,225 na 2,025. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na toni mbili, ya juu na ya chini, na tofauti kati ya hizo ndiyo iliyobeba maana. Pande zote mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja kwa sababu kila upande ulikuwa na eneo lake la sauti. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde.

Modemu za baadaye ziliongeza mwendo bila kupanua laini. Hapa inafaa kutofautisha baudi na biti. Baudi, neno lililotokana na jina la Mfaransa Émile Baudot, huhesabu mara ngapi wimbi hubadilika katika sekunde moja. Modemu ya kiwango cha V.22bis hubadilisha wimbi mara 600 kwa sekunde, lakini kila badiliko hubeba biti 4, kwa hiyo hupitisha biti 2,400. Ni kama silabi moja ya lugha yenye toni: mdomo unatamka mara moja, lakini sikio linapokea konsonanti, irabu na toni kwa pamoja. Kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, kilifikia hadi biti 56,000 kwa sekunde upande wa kupokea.

Wale waliowahi kusikia modemu ya simu wanakumbuka kelele zake za mwanzo. Wengi wa kizazi chetu hapa Kongo hatukuzisikia, kwa sababu nyumba zetu ziliingia moja kwa moja kwenye simu za mkononi. Kelele zile zilikuwa salamu. Modemu moja ilikuwa inauliza: wewe unajua viwango gani? Nyingine inajibu, zinapima laini, zinachagua kiwango ambacho zote mbili zinakiweza. Kwetu mgeni hatoi shida yake kabla ya kuamkiana. Modemu nazo hazitumi hata herufi moja ya ujumbe kabla ya salamu kwisha.

2. Mlango wa mfululizo na mapatano yake manne

Modemu ya nje iliunganishwa na kompyuta kwa waya uliochomekwa katika mlango wa mfululizo, ule wenye pini 9 au 25. Unaitwa hivyo kwa sababu biti hupita moja baada ya nyingine katika uzi mmoja. Kompyuta mbili zinaweza pia kuunganishwa bila modemu katikati, ila waya lazima uwe wa mkingamo: uzi wa kusemea wa upande mmoja uingie kwenye uzi wa kusikilizia wa upande wa pili. Waya wa kawaida ukitumiwa, mdomo unakutana na mdomo na sikio linakutana na sikio.

Baada ya waya kuna mapatano manne ambayo mtu huyapanga mwenyewe. Hayatajwi popote ndani ya ujumbe. Kila upande unatakiwa uwe umeyajua tayari.

La kwanza ni mwendo, kwa mfano biti 9,600 kwa sekunde. La pili ni idadi ya biti katika kila herufi: 7 au 8. La tatu ni pariti, yaani biti moja ya kukagua. Katika pariti ya shufwa, mtumaji huhesabu moja zilizomo ndani ya herufi. Zikiwa witiri, anaongeza moja nyingine ili jumla iwe shufwa. Zikiwa shufwa tayari, anaongeza sufuri. Mpokeaji akikuta witiri anajua kwamba biti moja imeharibika njiani. La nne ni biti ya kumaliza. Kabla ya kila herufi kuna pia biti moja ya kuanza, inayomwamsha mpokeaji.

Mafundi huandika mapatano hayo kwa ufupi. 8N1 ni biti 8, bila pariti, biti 1 ya kumaliza. 7E1 ni biti 7, pariti ya shufwa, biti 1 ya kumaliza. Ukijumlisha pamoja na biti ya kuanza, zote mbili zinatoa biti 10 kwa herufi. Kwa mwendo wa 9,600 unapata herufi 960 kila sekunde, na kamusi yetu ya herufi 400,000 ingepita kwa dakika 7 hivi.

Kwa nini biti 7? Kwa sababu alfabeti ya ASCII ilipangwa katika biti 7, yaani alama 128, na iliitosha lugha ya Kiingereza. Hata Minitel, mtandao wa Wafaransa uliofungwa tarehe 30 Juni 2012, ulitumia biti 7 na pariti ya shufwa, na ulikuwa na mbinu zake za pekee za kuandika é na è. Lakini katika Windows 98 herufi yenye alama huhesabiwa kwa biti 8: biti ya nane ndiyo inayozitenga é, á na ô na herufi za kawaida.

3. Kosa langu

Tuliunganisha kompyuta ya zamani na yangu kwa waya wa mkingamo. Ndani ya ile ya zamani kulikuwa na programu ya mawasiliano yenye mipangilio ambayo mtu fulani aliihifadhi zamani, nami sikuikagua. Nilituma ukurasa mmoja wa kujaribu. Kwenye kompyuta yangu, neno «mama» likatokea «íáíá», na neno «tata» likawa «tátá».

Niligundua haraka chanzo chake. Kompyuta ya zamani ilikuwa inatuma kwa 7E1, yangu inapokea kwa 8N1. Herufi a ina moja tatu ndani ya biti zake 7. Tatu ni witiri, hivyo mtumaji aliongeza biti ya pariti yenye thamani ya moja. Kompyuta yangu haikujua habari za pariti. Ikaichukua biti ile kuwa biti ya nane ya herufi, na a yenye biti ya nane ni á. Herufi m nayo ina moja tano, ikageuka í. Herufi t ina moja nne, haikuguswa. Kila a ya kamusi ilikuwa inapewa toni ya juu isiyokuwa yake.

Nikafanya jambo lililoonekana la akili: niliiweka kompyuta yangu nayo kwenye 7E1, ili zote mbili zifanane. Nikatuma upya. Maandishi yakaja safi, «mama» ikasomeka «mama», na hakuna kosa hata moja la pariti lililoripotiwa. Ilikuwa jioni, umeme ulikuwa karibu kukatwa, nikanakili faili zote na kuwaandikia wenzangu kwamba kamusi imeokoka, kompyuta inaweza kubebwa.

Usiku ule mwenzangu mmoja wa lisansi alinipigia simu. Aliuliza: «Tjte ni Kifaransa cha wapi?»

Nilifungua faili. Penye «tête» paliandikwa «tjte». «Père» ilikuwa «phre», «éléphant» ilikuwa «iliphant». Biti ya nane ilikuwa imekatwa kabla ya kuondoka. Mtumaji aliyepangiwa biti 7 hutuma 7. Hana mahali pa kuiweka ya nane. Kisha huhesabu pariti juu ya kile kilichobaki, na mpokeaji anaikuta sawa, kwa sababu kweli hakuna kilichoharibika njiani. Kilichoharibika kiliharibika mdomoni.

Kifaransa ndicho kilichotuokoa, kwa sababu kila msomaji wetu anakijua na macho yake hukwama kwenye «tjte». Upande wa Kilega hali ilikuwa ya hatari zaidi. Biti ya nane ikikatwa, á inakuwa a: toni ya juu inageuka ya chini kimyakimya, na neno linabaki kuonekana halali. É inakuwa i: mtafiti wa kesho angeweza kuandika kwamba katika neno lile irabu imepanda, na angeitafutia kanuni ya kifonolojia. Í inakuwa m, ó inakuwa s, ú inakuwa z. Chukua mfano ambao sote tunaujua, wa Kilingala: «moto» ni mtu, «motó» ni kichwa. Ukipitisha «motó» kwenye biti 7, unapata «mots», neno zuri kabisa la Kifaransa.

Asubuhi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha nyaraka kabla ya walinzi kufungua. Kompyuta ilikuwa bado ipo. Nilipanga pande zote mbili 8N1, nikatuma tena, safari hii kwa kutumia Kermit. Hii ni kanuni ya kupitisha faili iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981. Hukata faili vipande vidogo, na kila kipande hubeba jumla ya kukagulia. Kipande kikifika na kasoro, kinaombwa upya. Wabunifu wake walijua kwamba laini nyingi hula biti ya nane, wakaweka njia ya kuiandika kwa alama mbili ili ivuke hata laini ya biti 7. Kisha tulikaa watu wawili, mmoja akisoma kwenye skrini ya zamani, mwingine kwenye mpya, ukurasa mmoja katika kila kumi. Toni zilikuwa mahali pake.

4. Kadi ya mtandao: nani aseme, lini

Zilibaki sauti za wazee, zipatazo megabaiti 300. Kwa herufi 960 kwa sekunde zingechukua zaidi ya siku tatu na nusu bila kukatika kwa umeme, jambo ambalo hakuna anayeweza kuliahidi hapa kwetu. Ilibidi kadi ya mtandao itumike.

Kadi hiyo ilikuwa na matundu mawili. Moja ni duara, la BNC. Jingine ni la mraba, RJ45, kama lile tunalolijua leo. Matundu hayo ni ya vizazi viwili vya Ethaneti. Ethaneti ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, kwa mawazo ya Robert Metcalfe. Katika muundo wa waya mwembamba wenye tundu la BNC, kompyuta zote zilining'inia juu ya waya mmoja usiozidi mita 185, na kila ncha ya waya ilifungwa kwa kizibo cha omu 50. Kizibo kimoja kikitoka, mawimbi yanarudi kama mwangwi na mtandao mzima unanyamaza. Katika muundo wa RJ45 kila kompyuta ina waya wake, usiozidi mita 100, unaokwenda kwenye swichi au kwenye kompyuta nyingine.

Nilichomeka waya wa RJ45, taa haikuwaka. Nilidhani kadi imekufa. Kumbe kadi nyingi za matundu mawili za wakati ule hazikutambua zenyewe tundu linalotumika; mtu alipaswa kuzichagulia kwa programu ndogo ya mtengenezaji. Kadi yetu ilikuwa bado inasikiliza kwenye BNC. Programu ile huja kwa disketi, na disketi haisomeki. Lakini sasa tulikuwa na njia: nilipata programu hiyo, nikaituma kwa Kermit kupitia mlango wa mfululizo, nikachagua RJ45, nikawasha upya. Taa ikawaka.

Kadi za namna hii, zinazochomekwa katika nafasi za ISA, huhitaji mambo mengine mawili. La kwanza ni namba ya kuomba nafasi kwa prosesa, inayoitwa IRQ. La pili ni anwani ya mlango, mara nyingi 300 kwa hesabu ya kumi na sita. Vifaa viwili vikipewa IRQ moja, ni kama watu wawili wanaoitikia jina moja: ukiita, hujui atakuja nani. Kadi inaonekana imewekwa vizuri, lakini mtandao unakwama au kompyuta inaganda. Kadi za PCI zilizofuata hujipangia mambo hayo zenyewe.

Kila kadi ina pia jina lake la kuzaliwa, anwani ya biti 48. Biti 24 za mwanzo hutolewa na shirika la IEEE kwa mtengenezaji, na 24 za mwisho mtengenezaji humpa kila mtoto wake. Ni kama jina la ukoo na jina la mtu. Anwani ya IP ni kitu kingine: hiyo ni ya mahali, na hubadilika ukihama. Kompyuta ikikosa wa kuipa anwani, hujipa yenyewe moja inayoanza na 169.254. Ukiona namba hiyo, ujue kwamba iliuliza na haikujibiwa. Kwa kuwa tuliunganisha kompyuta mbili tu, niliandika kwa mkono 192.168.0.1 na 192.168.0.2, na zikaonana.

Hapo nikafanya kosa la pili. Faili zilipita, lakini polepole mno, zikikwama na kuendelea. Ethaneti ya zamani ni ya zamu: kila kadi husikiliza kwanza, kukiwa kimya husema, mbili zikisema pamoja, zote hunyamaza, kila moja husubiri muda wa bahati nasibu, kisha hujaribu tena. Watu wenye adabu kikaoni hufanya hivyo. Kadi mpya huweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Nikitafuta mwendo, nilikuwa nimeilazimisha kadi ya kompyuta yangu isisubiri zamu na mtu. Ya zamani ilikuwa inashika zamu, yangu haishiki. Kila mara ya zamani ilipokuwa inasema, yangu iliingilia, na ya zamani ikaacha sentensi katikati. Salamu fupi zilipita vizuri, kwa hiyo kila kipimo kidogo kilisema mambo ni sawa; masimulizi marefu ndiyo yaliyovunjika. Niliirudisha kadi yangu kwenye hali ya kujipatanisha yenyewe. Ikatambua kwamba mwenzake ni wa zamu, ikashika zamu. Sauti zote zilipita kabla ya saa sita mchana.

5. Amri za AT, kutoka simu ya waya hadi 3G

Ilibaki kuzituma nakala kwa mwalimu wa chuo kingine, kwa modemu ndogo ya USB ya 3G. Hapa nilishangaa kukuta lugha ya mwaka 1981 ingali hai. Mwaka ule kampuni ya Mmarekani Dennis Hayes ilitoa modemu iliyopokea amri kwa maandishi, kila amri ikianza na AT, kifupi cha neno la kuomba usikivu. ATDT na namba ni kupiga simu, ATA ni kupokea, ATH ni kukata. Modemu hujibu OK, au ERROR, au NO CARRIER, maana yake wimbi la kubeba ujumbe halipo: upande wa pili hausikiki au umekata. Ni sarufi fupi yenye kiitikio, kitenzi na yambwa.

Modemu za 3G bado zinaisikia sarufi hiyo. Ukiichomeka, kwanza nyingi hujitambulisha kama diski yenye programu yake, kisha hugeuka kuwa modemu; isipogeuka, kompyuta inaona diski tu. Ikishageuka, uliza kwa mpangilio. AT+CPIN? huuliza kama sim kadi iko tayari. AT+CSQ hupima nguvu ya mawimbi, kutoka 0 hadi 31. 99 ni kwamba haijulikani. AT+CREG? huuliza kama mtandao umekukubali: jibu la 0,1 ni mwenyeji, 0,5 ni mgeni, 0,2 ni kwamba bado inatafuta, 0,3 umekataliwa. Kisha AT+CGDCONT huandika APN, yaani jina la lango la kampuni la kuingilia intaneti, na ATD*99# hufungua njia.

APN ndiyo inayowasumbua wengi. Ikiwa imeandikwa vibaya, mawimbi yanajaa, sim kadi imekubaliwa, mega zimenunuliwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mtu analaumu mawimbi na kupanda juu ya paa, kumbe umebakia mstari mmoja wa maandishi.

6. Namna ya kuuliza

Kutokana na siku zile ninashika utaratibu huu, na ninawashauri wenzangu wanaobeba data kutoka kwenye utafiti. Anza chini, panda juu. Waya ni wa aina gani, na tundu lipi linasikilizwa? Taa inawaka? Mwendo, biti na pariti ni vile vile pande zote? Nani anashika zamu? Anwani ni ipi, na nani aliitoa? Usipande ngazi ya juu kabla ya kupata jibu la chini. Na usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, kwa maana hutajua ni lipi lililoponya.

Lakini ngazi ya mwisho haimo katika mashine yoyote. Waya ulisema sawa, pariti ilisema sawa, programu ilisema faili imefika, na kamusi ilikuwa imepoteza toni. Mashine hukagua kama kilichopokelewa ndicho kilichotumwa. Haziwezi kujua kama kilichotumwa ndicho kilichoandikwa. Hilo linamhitaji mtu anayeijua lugha, afungue faili, asome.

Ndiyo maana ninadhani mambo haya si ya mafundi peke yao. Katika idara nyingi zipo kompyuta kama ile yetu, zenye majedwali ya maneno na sauti za watu ambao hawapo tena, na siku moja mtu ataombwa azitoe kwa haraka kabla ya kubebwa. Fundi mzuri ataiona «mama» imekuwa «íáíá», ataisahihisha, na atakwenda nyumbani akiwa ametimiza kazi yake. Kuiona «tjte» ni kazi yetu.